Chupa ya maji pembeni ya kitanda: kisa cha baba mdogo aliyefariki siku moja kabla ya kubatizwa

Nimekaa na hiki kisa zaidi ya mwaka bila kukiandika, na naandika leo kwa sababu wiki iliyopita binti wa mama mdogo kaniuliza tena lile swali, mara ya nne au ya tano sasa, na safari hii kanipigia simu saa nane usiku analia. Swali lenyewe ni hili: "Kaka, yale maji ningemmwagia baba, si angeokoka?"

Majina siweki. Familia inajulikana Makorora nzima na marehemu aheshimiwe.

Kwanza kisa kilivyokuwa, manake nimesikia kikisimuliwa vingine kabisa hapa mjini.

Baba mdogo, yaani mume wa mama mdogo, alikua fundi baiskeli Ngamiani, na wa Tanga mnajua wenyewe huu mji na baiskeli. Baba yake alikuja kutoka upande wa Kigoma enzi za manamba kukata mkonge, akazaa watoto kambini, na kule kambini dini haikuwa jambo la kwanza, jambo la kwanza ilikua kumaliza kazi ya siku. Kwa hiyo baba mdogo kakua hana dini ya kusema hii ndo yangu. Akaja kumuoa mama mdogo, Mbondei wa Muheza, ukoo wa Magila, Waanglikana toka enzi za UMCA, wale wamisionari wa Kiingereza, wazee wakanuna, ndoa ikafungwa bomani. Miaka thelathini na kitu alimpeleka mkewe kanisani na baiskeli kila Jumapili, yeye anabaki nje chini ya mti, na hakuwa mpinzani wala hakuwahi kusema neno baya kuhusu kanisa, ukimuuliza anakwambia tu "mimi bado sijaitwa".

Akaitwa mwaka juzi mwezi wa tatu. Kuna kikundi cha maombi cha kanisa moja la kilokole, la ubatizo wa maji mengi, walikua wanakutana Jumatano jioni nyumba ya jirani, yeye alikwenda kurudisha baiskeli ya mtu, akakaribishwa chai, akakaa. Siku hiyo walikua wanasoma Matendo sura ya 10, habari ya Kornelio, yule akida wa Kirumi kule Kaisaria. Akarudi nyumbani akamwambia mama mdogo, "Leo nimeamini." Mama mdogo ananiambia alidhani anatania, mpaka alipomuona kapiga magoti pembeni ya kitanda, mtu ambaye magoti yalikua yanamsumbua miaka.

Na wiki hiyohiyo aliomba abatizwe. Hapa naomba msomaji ahesabu na mimi. Mara ya kwanza akaambiwa kuna darasa, wiki kumi na mbili, akasoma yote hajakosa hata siku, na daftari lake ninalo mimi. Alipomaliza ikawa kusi inavuma, bahari ya Sahare imechafuka, wakaona mtu wa miaka sitini na kitu asije akazidiwa na mawimbi, wangoje. Bahari ikatulia, mchungaji kasafiri, karudi kuna semina. Mwisho ikapangwa Jumapili moja ya mwezi wa kumi, asubuhi maji yakiwa yamejaa, na kanzu nyeupe mama mdogo kashamshonea, imening'inia mlangoni. Jina la ubatizo alishachagua pia: Kornelio.

Alhamisi usiku akaanguka bafuni. Presha. Upande wa kulia ukafa, maneno yakawa hayatoki, ila akili anayo, anakuangalia, anakubana mkono. Ijumaa usiku binti yake ndo aliyelala naye wodini. Anasimulia kwamba kati ya saa sita na saa saba baba alinyoosha kidole cha mkono mzima kwenye chupa ya maji iliyokua juu ya kabati, halafu akajigusa kichwani. Binti akadhani anasikia joto, akalowesha kitambaa, akampangusa paji la uso. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha chupa tena, akajigusa kichwa tena. Binti akampangusa tena. Akatulia. Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri akafariki.

Yule dada alikuja kuelewa siku ya tatu ya msiba, watu wanabishana ubatizo chini ya turubai, yeye yupo ndani na kina mama, akasikia neno maji, akapiga ukelele ambao mimi sitausahau.

Sasa ubishi wenyewe. Kanisa la kikundi cha maombi walikuja wakaimba vizuri tu lakini mmoja wa viongozi wao akasema ibada ya kumuaga kama mshirika hawawezi, hajabatizwa. Wazee wa ukoo wa mama mdogo nao wakasema kwetu kitabu hakiruhusu, na kweli, Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 kina maelekezo wazi kwamba ibada ile ya maziko haitumiki kwa aliyekufa bila kubatizwa. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa na hiyo sentensi nimeisoma mwenyewe, inauma, lakini ipo. Shemeji yetu Mkatoliki ndo akatushangaza, akasema kwetu huyu angezikwa na kanisa bila shida, manake sheria ya kanisa lao ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inamhesabu mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa ili abatizwe, sawa na waamini katika habari ya maziko. Wakati tunaulizana nani atasimama kaburini, majirani zetu Waislamu walishakwenda kuchimba na jeneza wakabeba na sisi. Mwisho katekista mmoja mzee aliomba kwa niaba yake, bila joho, bila kitabu, tukazika.

Lakini swali lilibaki kwenye mkeka. Kaka mmoja wa upande wa kule Kigoma, yeye ni wa kanisa linalofundisha kwamba ubatizo ndipo dhambi zinapoondolewa, alisema kwa huzuni kabisa, sio kwa ubaya, "Mimi nampenda ndugu yangu, lakini Yesu kasema aaminiye na kubatizwa ataokoka, siwezi kupunguza." Kijana mwingine akadakia, "Imani tu! Yule mwizi msalabani alibatizwa wapi?" Ikawa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Nianze na huyu kaka, manake wengi wanampuuza bila kumsikiliza. Maandiko yake sio mepesi. Marko 16:16 anayo. Yohana 3:5 anayo, mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Matendo 2:38 Petro anasema tubuni mkabatizwe mpate ondoleo la dhambi. Matendo 22:16 Anania anamwambia Paulo simama ubatizwe ukaoshe dhambi zako. Na 1 Petro 3:21 inasema waziwazi ubatizo unaokoa. Mtu akikwambia Agano Jipya linaongelea ubatizo kama sherehe ya kujitangaza tu, huyo hajasoma, na mimi nasema hivyo nikiwa upande wa imani.

Ila tuyaangalie moja moja kwa utulivu. Marko 16:16 nusu ya pili inasema "asiyeamini, atahukumiwa". Haisemi asiyeamini na asiyebatizwa. Kinachohukumu ni kutokuamini. Halafu kuna jambo ambalo haki ni kulisema hata kama linawasumbua watu, mistari ya Marko 16:9 mpaka 20 haimo kwenye nakala mbili kubwa za Kigiriki za karne ya 4, ile ya Vatikani na ile iliyopatikana Sinai, kwa hiyo kujenga hukumu ya mtu aliyelala wodini juu ya mstari huo peke yake ni kuweka nyumba nzima kwenye nguzo moja. Petro naye, hapohapo anaposema ubatizo unaokoa, anafafanua kwamba hasemi kuoga uchafu wa mwili, anasema jibu la dhamiri safi mbele za Mungu, kwa kufufuka kwake Yesu Kristo. Yaani hata Petro anaona kuna maji na kuna kitu ndani ya maji.

Kijana wa mwizi msalabani nae nimjibu. Hoja yake ni nzuri, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" ni maneno ya Bwana mwenyewe. Lakini kaka wa Kigoma ana jibu, na jibu lake lina nguvu: mwizi alikufa kabla Yesu hajafufuka na kuagiza mataifa wabatizwe, Mathayo 28:19. Kwa hiyo ukitaka kumshinda na mwizi hutamshinda.

Utamkuta kwa Kornelio. Na ndio maana naona sio bure baba mdogo alichagua jina lile. Kornelio ni baada ya Pentekoste, agizo la ubatizo lipo tayari na maelfu washabatizwa. Petro bado anaongea, Roho Mtakatifu akawashukia wote waliosikia, wanasema kwa lugha, wanamtukuza Mungu, na hamna tone la maji lililowagusa. Sasa niambieni, Mungu kampa Roho wake mtu ambaye bado yuko njia ya motoni? Petro mwenyewe akija kuwaeleza ndugu kule Yerusalemu, Matendo 15, anasema Mungu aliwasafisha mioyo yao kwa imani. Kwa imani. Paulo nae kwenye Warumi 4 anahoji vilevile kwa Ibrahimu, alihesabiwa haki lini, kabla ya kutahiriwa au baada? Kabla. Tohara ikaja kama muhuri wa haki ya imani aliyokuwa nayo tayari.

Lakini msikimbie hapo, endeleeni kusoma. Petro baada ya kuona Roho kashuka hakusema basi, maji hayana haja tena. Alisema "Ni nani awezaye kukataza maji" na akaamuru wabatizwe, siku hiyohiyo. Hii ndo sehemu ambayo watu wa imani tu wanairuka, na ndo sehemu iliyonifanya nikae na daftari la baba mdogo usiku kucha. Manake kwenye daftari hilo, ukurasa wa somo la saba, kaandika kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani: "Maji hayazibi pancha. Maji yanaonyesha. Lakini fundi harudishi mpira bila kuuzamisha."

Wanaojua kazi ile wanaelewa. Unatoa mpira wa ndani, unautia upepo, unauzamisha kwenye karai la maji, mapovu yanakuonyesha tundu liko wapi. Unasugua, unapaka solusheni, unabandika kiraka. Kilichoziba ni kiraka. Halafu unauzamisha tena kuhakikisha, na fundi anayekurudishia baiskeli bila kuuzamisha tena mara ya pili huyo kakudharau. Mzee aliona imani ni kiraka, ubatizo ni karai. Sisi tunaobishana na vitabu tumechukua miaka kufika alipofika mtu yule na penseli yake.

Sikubaliani nae kila kitu lakini. Mfano wake unapungukia mahali pamoja, unafanya maji yawe ya kuonyesha tu, wakati Warumi 6 inasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo katika mauti yake. Kuzikwa sio kuonyeshwa. Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Ulutheri, ambaye watu wanamtaja kila siku kama mtu wa imani pekee, hakuudharau ubatizo hata kidogo: kwenye Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anauliza maji yanawezaje kufanya makuu namna hii, akajibu sio maji yenyewe, ni neno la Mungu lililo pamoja na maji na imani inayolishika neno hilo. Na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 9 linasema ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Walutheri imani tu, maji hayana maana", anawasingizia. Kwao ubatizo hauhesabiwi kwenye matendo ya mtu, ni Mungu anayempa mtu, na anayepokea anapokea kwa imani.

Sasa turudi wodini, sababu kisa kipo pale, hakipo Ujerumani.

Swali la dada lina mawili ndani yake na nilichelewa kuliona hilo. La kwanza, je angeruhusiwa? Ndiyo. Hili nilimwambia na nilijuta kumwambia mapema, manake lilimuumiza zaidi, lakini ni kweli na watu walijue. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 861 inasema kwenye dharura mtu yeyote anaweza kubatiza mradi ana nia sahihi. Walutheri na Waanglikana nao wana desturi ya ubatizo wa dharura. Unamwagia maji kichwani unasema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi. Makanisa ya maji mengi hawakubali kumwagia, naheshimu sababu zao, ila hata Didake, mafundisho ya kale kabisa ya kanisa, sura ya 7, inataka maji yanayotiririka kwanza, na kama hamna maji ya kutosha inasema mwagia kichwani mara tatu. Kwa hiyo toka zamani za mwanzo kanisa lilijua kuna siku bahari iko mbali. Dada hakufundishwa. Hakuna aliyemfundisha, kwetu wala kwao, na hilo sio kosa lake.

La pili ndo lenyewe: je, kwa kuwa hakumwagiwa, kapotea? Hapana. Nasema hapana bila kung'ata maneno. Na sio mimi wa kwanza kuulizwa na wanawake wanaolia. Mwaka 392 kaisari kijana Valentinian II alikufa huko Gaul, Ufaransa ya leo, hajabatizwa, na alikua ameomba Ambrosi askofu wa Milano aje ambatize. Dada zake walilia kitu hikihiki, kwamba kaka yao kafa bila ubatizo. Ambrosi kwenye maziko akawageukia wao, akawauliza kwani kuna nini kingine kilicho kwenye uwezo wetu zaidi ya kutaka na kuomba? Alitaka, aliomba, basi amepata. Huyo ndo askofu aliyembatiza Agostino, yule mwalimu mkubwa wa kanisa, sio mtu wa kuchezea ubatizo. Wakatoliki wakaita hilo ubatizo wa tamaa, yaani wa kuutamani ubatizo wenyewe, na Katekisimu yao ya 1992 inasema Mungu ameufunga wokovu kwenye sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Walimu wa zamani walisema linalohukumu ni kuudharau ubatizo, sio kuukosa.

Na baba mdogo alidharau nini? Mtu kaomba mara tatu. Mtu nusu ya mwili imekufa, ulimi hausogei, ananyoosha mkono kwenye chupa.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo mimi nimeliona na sikulisikia kwa yeyote pale chini ya turubai. Sote tulikua tunabishana imani au maji, kama vile kati ya hayo mawili kuna shamba kubwa ambalo mtu anaweza kufia katikati. Kwenye Matendo hilo shamba halipo. Watu kama elfu tatu siku ya Pentekoste, siku ileile. Towashi wa Ethiopia njiani Gaza, kaona maji kauliza "ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" na wakashuka kwenye gari. Mlinzi wa gereza Filipi, tetemeko usiku, kaambiwa mwamini Bwana Yesu nawe utaokoka, na saa ileile ya usiku kabatizwa yeye na nyumba yake. Ndio maana mitume waliweza kusema imani inaokoa na pia kusema ubatizo unaokoa bila kuona wanajipinga, kwao kulikua na saa moja katikati, sio miezi saba. Shamba tumelilima sisi. Tumeweka darasa, kanzu, ratiba ya mchungaji, bamvua, cheti, halafu mtu akifia humo tunakaa kwenye mkeka kuulizana kama Mungu atampokea. Sisemi darasa ni baya, kanisa la kwanza nalo baadae lilikua na wakatekumeni wa muda mrefu na sababu walikua nazo. Nasema aliyemuweka mtu kwenye kungoja asije kumhukumu kwa kungoja.

Nilimwambia kaka wa Kigoma haya kwa simu. Hakukubali yote. Alinyamaza muda, akasema, "Kama alionyesha chupa, mimi sina la kusema, namuachia Mungu." Kwa msimamo wake huo ni mwendo mrefu na namshukuru. Mchungaji wa kile kikundi alikuja nyumbani siku ya arobaini, akakaa sakafuni na mama mdogo, aliyoongea ni yao wawili, ila najua sasa hivi akiomba mtu wanambatiza ndani ya wiki na darasa linaendelea baadae.

Dada bado. Namwambia paji la uso ulilolipangusa Mungu aliliona, ananiambia "sawa kaka", halafu baada ya mwezi anapiga tena, na mimi nitapokea kila akipiga.

Wakati wa kuweka msalaba kaburini kulikua na ubishi mdogo wa mwisho. Mzee mmoja wa ukoo akasema jina la ubatizo lisiandikwe, mtu haitwi jina ambalo hajapewa. Mama mdogo hakumjibu. Alikwenda mwenyewe kwa seremala barabara ya kumi na mbili na karatasi iliyochanwa kwenye lile daftari, ukurasa ambao mzee alikua anajifunza kuliandika, kaliandika mistari kumi na nne, na seremala akanakili vilevile na herufi zake zilizolala. Kornelio, kwa rangi nyeusi, na chini yake jina la baba yake mkata mkonge.